Ukuta Uliojaa Maneno: Tahakiki ya Mawasilisho ya Wanafunzi wa Kiswahili kwa Slaidi

Utangulizi

Katika somo la Fasihi Simulizi tunafundishwa mapema kwamba utanzu wowote wa kusimuliwa hauishi kwenye karatasi. Unaishi pale fanani anapotenda mbele ya hadhira. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuyaeleza hayo kwa ufasaha. Hata hivyo, mwanafunzi huyohuyo akipewa zamu ya kuwasilisha mada kuhusu utendaji katika fasihi simulizi, mara nyingi husimama ubavuni mwa projekta, huipa hadhira kisogo, kisha husoma ukutani sentensi moja baada ya nyingine mpaka afike kwenye slaidi ya mwisho yenye maneno "Asanteni kwa kunisikiliza". Anayoyasema kuhusu fanani ni sahihi, lakini anayoyatenda yanayakanusha.

Makala haya yanahakiki mawasilisho ya aina hiyo kama tunavyoyaona katika madarasa ya Kiswahili hapa Rohero, jijini Bujumbura. Hatukusudii kumhakiki mwanafunzi mmoja mmoja. Tunachokihakiki ni desturi ambayo sote tumeirithi na tunaiendeleza. Hoja yetu ni kwamba udhaifu wa mawasilisho yetu hautokani na kompyuta wala wingi wa slaidi. Unatokana na kazi tuliyoipa slaidi: tumeitaka iseme badala yetu. Hasara yake si alama chache zinazopotea. Wengi wetu tunasomea ualimu, na darasa tutakalopewa huenda lisiwe na ukuta wa kumulikia chochote.

Mizani ya tahakiki

Hatuhitaji kuazima mizani kutoka mbali. M. M. Mulokozi, katika makala yake kuhusu tanzu za fasihi simulizi iliyotoka katika jarida la Mulika mwaka 1989, aliitazama fasihi simulizi kama tukio linalotawaliwa na mwingiliano wa mambo sita: fanani, fani inayotendwa, hadhira, tukio lenyewe, mahali na wakati. Mulokozi hakuwa akizungumzia wasilisho la kitaaluma. Lakini wasilisho nalo hutendwa na mtu aliye hai, mbele ya watu walio hai, mahali fulani na kwa muda uliopangwa. Kwa hiyo mambo hayo sita yanatosha kuonyesha panapovuja. Tutayapitia, baadhi kwa pamoja, tukianza na fanani.

Fanani anayejificha

Kwa nini msemaji asome ukutani? Jibu linalotolewa kwa haraka ni uvivu au kukosa maandalizi. Jibu hilo linakosea, kwa sababu mara nyingi msomaji wa slaidi ndiye aliyekesha akiziandika. Sababu ya kweli inapatikana katika hali ya Kiswahili hapa kwetu.

Kiswahili si kigeni Bujumbura. Ukitoka Rohero, mwendo si mrefu kufika Buyenzi, mtaa ambao kwa vizazi vingi umekuwa makao ya Waswahili wa jiji hili. Wapo wenzetu waliokizungumza tangu utotoni. Lakini Kiswahili hicho cha mtaani kimepokea maneno na miundo ya Kirundi na Kifaransa, nacho hakifanani na Kiswahili sanifu kinachotakiwa darasani. Wapo pia wenzetu kutoka mikoani ambao walikutana na Kiswahili shuleni tu, baada ya Kirundi na Kifaransa. Makundi haya mawili yana hofu moja: kukosea upatanisho wa kisarufi mbele ya mhadhiri. Sentensi iliyoandikwa ukutani imekwisha kusahihishwa, ila sentensi inayotoka mdomoni papo hapo haijasahihishwa na mtu. Ndiyo maana msemaji anakimbilia ukutani, kama mtu anayeshika reli akishuka ngazi za giza.

Hofu hiyo inaeleweka, lakini tiba yake inaongeza ugonjwa. Asomaye hajifunzi kuunda sentensi ya Kiswahili mbele ya watu. Anaweza kumaliza miaka yake yote ya masomo akiwa amewasilisha mada nyingi na asiwe amezungumza kwa dakika tano mfululizo kwa maneno yake mwenyewe. Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Februari 2021 wakuu wa nchi wanachama walikubali Kiswahili kiwe miongoni mwa lugha rasmi za Jumuiya hiyo. Mkutanoni Arusha au Dar es Salaam, mtu anayeulizwa swali kwa Kiswahili hapewi nafasi ya kwenda kuandika slaidi kwanza.

Fani iliyogeuka mzigo

Tuitazame sasa slaidi yenyewe. Programu ya PowerPoint, ambayo wengi wetu tunaitumia, ilitoka mwaka 1987. Waliokuwa mstari wa mbele kuiunda, Robert Gaskins na Dennis Austin, walikuwa wakiwafikiria watu wa ofisini wanaohitaji kueleza mipango na bidhaa. Darasa limeipokea kutoka huko pamoja na mazoea yake: kichwa cha habari juu, vitone chini yake, na vitone vidogo chini ya vitone vikubwa.

Mazoea hayo yamewahi kuhakikiwa baada ya msiba mkubwa. Tarehe 1 Februari 2003 chombo cha angani cha Marekani, Columbia, kilivunjika kikirejea duniani, na wanaanga wote saba wakafa. Wakati wa kuruka, kipande cha sponji ngumu kilikuwa kimebanduka na kulipiga bawa la kushoto. Chombo kikiwa bado angani, wahandisi waliwaeleza wakuu wao kwa slaidi tathmini yao ya madhara. Edward Tufte, mtaalamu wa uwasilishaji wa taarifa, aliichambua mojawapo ya slaidi hizo. Kichwa chake cha habari kilitia moyo, ilhali jambo zito kuliko yote lilikuwa limezikwa kwenye kitone kidogo cha chini kabisa: kipande kilichopiga bawa kilikadiriwa kuwa na ujazo wa inchi za ujazo 1,920, wakati majaribio yaliyotegemewa yalitumia kipande cha inchi 3 tu. Tofauti hiyo ni mara 640. Tume iliyochunguza ajali hiyo iliunukuu uchambuzi wa Tufte katika ripoti yake ya mwaka huohuo, ikalalamikia kwamba slaidi zilikuwa zimechukua nafasi ya taarifa za kitaalamu zilizoandikwa kikamilifu.

Slaidi haikuivunja Columbia. Lakini mfano huo unafundisha kwamba vitone huipa kila hoja sura moja. Hoja kubwa na hoja ndogo zinapangwa mstari mmoja kama viti vya ukumbini, na viunganishi kama "kwa hiyo", "ingawa" na "kwa sababu", ambavyo ndivyo vinavyobeba fikra, vinadondoka. Mada zetu zina kasoro hiyohiyo. Mtu anaandika "Sababu za makosa ya wanafunzi", kisha vitone vinane: lugha ya kwanza, ukosefu wa vitabu, mazingira, walimu, na kadhalika. Ipi kati ya hizo ni sababu kubwa? Ipi inazaa nyingine? Slaidi haisemi, na msomaji wake hasemi pia, kwa kuwa hakuna kingine cha kusoma.

Wapo waliojaribu kutibu kasoro hii kwa hesabu. Guy Kawasaki, mfanyabiashara wa Marekani, alieneza kanuni ya slaidi 10, dakika 20 na herufi zisizopungua ukubwa wa pointi 30. Wengine huhesabu mistari sita kwa kila slaidi na maneno sita kwa kila mstari. Kanuni hizi zina faida: zinazuia vurugu. Lakini zinapima ukubwa wa chombo bila kuuliza kimebeba nini. Slaidi yenye maneno thelathini na sita yasiyohitajika inafaulu mtihani huo, na jedwali zuri la mifano arobaini ambalo hadhira inaongozwa kulisoma polepole linafeli.

Mfano kutoka darasani

Tuchukue mada inayojirudia kila mwaka: athari za Kirundi katika upatanisho wa kisarufi wa Kiswahili. Kwa desturi yetu, slaidi ya kwanza ingekuwa na maana ya upatanisho wa kisarufi kwa mujibu wa wataalamu watatu, ya pili maana ya ngeli kwa mujibu wa wengine watatu, na kufikia ya sita hadhira ingekuwa imesinzia kabla ya kuona neno moja la Kirundi.

Sasa tuseme msemaji anaanza na slaidi yenye sentensi mbili tu, moja chini ya nyingine: "Inka irarya" na "Ng'ombe anakula". Ananyamaza kidogo, kisha anauliza: viambishi viwili vya mwanzo wa kitenzi vinatofautianaje? Kila Mrundi aliyemo ukumbini anaona kwamba Kirundi kimeufuata umbo la nomino, inka ikapatana na i-, ilhali Kiswahili kimefuata uhai wa ng'ombe na kumpa a-, kama mtu. Slaidi ya pili inaongeza sentensi ya tatu, yenye kosa tunalolisikia kila siku: "Ng'ombe inakula". Hapo msemaji hahitaji kueleza sana kosa limetoka wapi, maana hadhira imekwisha kuligundua. Kazi yake inabaki kusema kile kisichoonekana: kwamba mwanafunzi anayekosea hivi ana sarufi kamili kichwani, ila ni ya lugha nyingine, na kwamba kumwambia "hujui Kiswahili" hakumfundishi kitu.

Slaidi mbili hizo zina maneno sita tu. Lakini ubora wake hautokani na uchache huo. Unatokana na kwamba zimebeba kitu ambacho sauti peke yake ingekibeba kwa shida, yaani maumbo yaliyopangwa yalinganishwe kwa jicho, na zimeiacha hoja yote kwa msemaji. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Tungeongeza kwamba anayejua kusoma hasomewi.

Maoni haya yana msingi katika utafiti. Richard Mayer, mwanasaikolojia wa Marekani, ameonyesha kwa majaribio mengi kwamba watu hujifunza vizuri zaidi kwa picha pamoja na maelezo ya sauti kuliko kwa picha, sauti, na maneno yaleyale ya sauti yakiwa yameandikwa. Jicho linagawanyika kati ya picha na maandishi, na akili inapoteza nguvu ikiyalinganisha maandishi na sauti. Hata hivyo Mayer mwenyewe anaiwekea kanuni hiyo mipaka, na mipaka hiyo inatuhusu moja kwa moja. Istilahi ikiwa ngeni, au msikilizaji akiwa anasikiliza lugha isiyo yake ya kwanza, maandishi machache yanasaidia. Kwa hiyo neno kama "irabu tangulizi" linafaa kuandikwa ukutani linapotajwa mara ya kwanza. Aya nzima inayoifafanua haifai.

Hadhira na tukio

Tukiwa Burundi, ni ajabu kidogo kulazimika kukumbushana umuhimu wa hadhira. Hii ni nchi ambayo "ijambo", yaani neno linalosemwa mbele ya watu, lina heshima yake. Katika sherehe za kuposa, msemaji wa upande mmoja humjibu msemaji wa upande mwingine bila karatasi, akipima neno kwa neno. Abashingantahe, wazee waliopewa jukumu la kusuluhisha, walijulikana kwa fimbo yao, intahe, na kwa usemi wao uliotulia. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Ethel Albert, aliyefanya utafiti hapa katika miaka ya 1950, alichapisha mwaka 1964 makala kuhusu balagha nchini Burundi. Alieleza jinsi vijana wa tabaka la juu walivyofunzwa kusema tangu utotoni: namna ya kuomba, kushukuru, kujibu mkubwa, na kungoja zamu kulingana na cheo.

Tusiupambe wakati huo kupita kiasi. Utaratibu aliouona Albert ulimpa nafasi mkubwa kabla ya mdogo, na mafunzo hayo hayakuwa ya kila mtoto. Hatuutaki urudi darasani. Tunachoweza kuchukua ni ile dhana kwamba kusema ni jambo la kufunzwa na kurudiwa hadi likomae, na kwamba anayesema anawatazama anaowaambia. Sisi tunafunzwa kuandika utangulizi, kiini na hitimisho. Ni nadra kufunzwa kuvuta pumzi, kungoja, au kutambua kwamba safu ya nyuma imepotea.

Kuhusu namna ya kuonyesha kitu mbele ya watu, tunaye mwalimu karibu, katika tamthilia ambayo Julius Nyerere aliitafsiri na kuichapisha kwa Kiswahili mwaka 1963, ile ya Shakespeare kuhusu kifo cha Kaizari. Brutus anawahutubia Warumi kwa hoja tupu, anashangiliwa, anaondoka. Antony anakuja na vitu vitatu: wosia, vazi na maiti. Hafungui vyote kwa pamoja. Wosia anautaja kisha anakataa kuusoma, mpaka watu wenyewe wadai. Vazi analionyesha tundu kwa tundu, akiliambatanisha kila tundu na jina la mtu. Maiti anaifunua baada ya maneno kuiandalia njia. Wosia wenyewe anausoma mwishoni kabisa. Kila kitu kinaonekana wakati wake, na kabla hakijaonekana hadhira imekwisha kutamani kukiona. Sisi hufanya kinyume: slaidi inafunguka na vitone vyake vyote, hadhira inavimaliza kwa nusu dakika, kisha inamngoja msemaji afike.

Mhakiki makini atatukumbusha kwamba Antony alitumia ustadi huo kuwasha ghasia. Ni kweli, na ni onyo kwa wale wanaopamba slaidi kwa picha za kusisimua zisizohusu hoja. Kitu kinachoonyeshwa kiwe ushahidi wa kile kinachosemwa. Kisipokuwa ushahidi, hata kikiwa kizuri, kiachwe.

Mahali na wakati

Mambo mawili ya mwisho katika mizani yetu hupuuzwa kwa kuonekana madogo. Vyumba vingi tunamowasilisha vina madirisha makubwa yasiyo na pazia, na jua la Bujumbura haliombi ruhusa. Maandishi ya njano au ya kijivu juu ya nyeupe hayaonekani saa nne asubuhi, ilhali herufi nyeusi juu ya nyeupe zinaonekana. Anayetaka kujua kama herufi zake zinatosha aende akae kiti cha mwisho kabla wenzake hawajaingia. Faili iliyotengenezwa kwenye kompyuta moja inaweza kubadilika sura kwenye nyingine, hivyo ni busara kubeba nakala ya PDF kwenye flashi. Na umeme unaweza kukatika. Msemaji aliyeandaa hoja yake, pamoja na mifano miwili ya kuandika ubaoni kwa chaki, ataendelea. Aliyeandaa slaidi tu atakaa kusubiri umeme pamoja na hadhira yake.

Kuhusu wakati, kosa letu kubwa ni kutumia theluthi mbili za muda kwenye usuli na maana za istilahi, kisha kukimbia kwenye matokeo, ambayo ndiyo kazi yetu wenyewe. Mtu mwenye dakika 15 angefanya vyema kuanza kupanga kutoka mwisho: dakika saba kwa matokeo na mifano, tatu kwa maana yake, tatu kwa swali la utafiti na mbinu, na mbili zibaki za akiba. Mpangilio huo haujulikani kama unatosha mpaka usemwe kwa sauti, mtu akiwa amesimama, saa ikiwa mkononi. Kuusoma kimyakimya hakupimi chochote, maana jicho huenda haraka kuliko ulimi.

Pingamizi mbili

Kuna pingamizi mbili zinazostahili kujibiwa. Ya kwanza inasema slaidi yenye maandishi mengi inamlinda mwanafunzi dhaifu, na kuiondoa ni kumwacha uchi. Tunakubali kwamba anahitaji kinga. Lakini kinga hiyo iwe mkononi mwake: kadi ndogo yenye maneno ya kuanzia kila sehemu, na mifano migumu iliyoandikwa kikamilifu. Kadi inamwezesha kuinua uso kila baada ya sentensi. Ukuta unamgeuza kabisa. Tena afadhali sentensi yenye kosa la upatanisho ambayo msemaji ameiunda mwenyewe, na pengine akaisahihisha papo hapo, kuliko sentensi safi iliyonakiliwa.

Ya pili inatoka kwa wahadhiri: tutampimaje mwanafunzi kama slaidi zake hazina maelezo? Swali hili linafichua chanzo kimojawapo cha desturi tunayoihakiki. Slaidi zinapokusanywa na kusahihishwa kama insha, mwanafunzi ataandika insha ukutani, na hatuwezi kumlaumu. Kazi mbili zinahitaji hati mbili. Maelezo, fasili na marejeo yakae kwenye kurasa mbili au tatu zinazogawiwa au kukabidhiwa kwa mhadhiri. Slaidi zibebe kile kinachohitaji kuonekana tu. Alama za wasilisho zitolewe kwa yale yanayotokea chumbani: je, hoja ilieleweka, mifano iliithibitisha, maswali yalijibiwa?

Hitimisho

Tumeonyesha kwamba katika mawasilisho yetu fanani amejificha, fani imebebeshwa mzigo usio wake, hadhira imeachwa isome peke yake, na tukio, mahali na wakati havijafikiriwa. Vyote hivi vinatokana na uamuzi mmoja, wa kuiandika hotuba ukutani, na vinaweza kuanza kurekebishwa kwa uamuzi mmoja pia.

Tunapendekeza jaribio ambalo halihitaji bajeti wala ruhusa ya mtu. Katika kila kundi la semina, mwanafunzi anayejiandaa kuwasilisha atoe mada yake kwanza mbele ya wenzake wawili, bila umeme, akiwa na chaki tu. Wenzake waandike mahali waliposhindwa kuelewa kwa kukosa kuona. Mahali hapo, na hapo pekee, ndipo atengeneze slaidi. Anayekwenda kufundisha Ruyigi au Makamba atakuwa amekwisha kufanya zoezi la siku yake ya kwanza kazini.